Harufu Kwenye Koti la Godfrey

Alhamisi jioni, alipokuwa akilitundika koti la mumewe, Beryl Tansley alisikia harufu ya nguruwe. Hakuwa akiitafuta. Mkono ulikuwa unapapasa kola kutafuta kile kitanzi cha kutundikia, pua ikawa karibu, basi harufu ikamjia yenyewe: mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa kwenye chuma cha moto, na ndani yake ukali kidogo wa siki. Alilishusha koti akalitazama kama mtu anayetazama mbwa wa jirani ndani ya jiko lake. Kisha akalinusa tena, safari hii kwa makusudi. Alinusa mikono ya koti, akanusa bitana, akatia pua hadi kwenye mfuko wa kushoto ambako Godfrey hupenda kuweka leso. Leso ilikuwa na doa la mafuta.

Nyumba ile ya matofali mekundu, karibu na mto, haikuwa imeingiza nyama tangu wawili hao waoane. Marafiki walijua, hata fundi wa mabomba alijua. Walipokuwa na paka, suala la chakula cha paka lilijadiliwa msimu mzima wa baridi, na mwisho wake paka akawa analishwa kwenye banda la bustani, mlango umefungwa. Godfrey alikuwa amefundisha falsafa ya maadili katika chuo kikuu cha mji ule mpaka alipostaafu, na kitabu kilichompa jina kilisema jambo moja kwa njia nyingi: kwamba mtu anayekula mnyama anayehisi maumivu, huku ana chakula kingine mezani, hana hoja, ana hamu tu. Wanafunzi walikuwa bado wanakisoma. Mwenyewe sasa alikitumia kuzuia dirisha la bafuni lisijifunge kwa upepo.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza taratibu. Siku waliyotoka kwa daktari, wakiwa bado hawajavua viatu, alimshika Beryl mkono pale pale mlangoni akamwambia, "Itakuja siku nitataka vitu ambavyo sivitaki. Nyama hasa. Usiniachie nile. Niahidi." Beryl akaahidi. Ndiyo maana koti lile lilimtetemesha.

Alimkuta sebuleni amekaa kwenye kiti chake, blanketi magotini, anatazama bata kwenye picha ya ukutani.

"Godfrey, leo mlikula nini?"

"Leo?"

"Leo. Nje."

Akafikiri, macho yakazunguka kama ya mtoto aliyeficha kitu chini ya ulimi. "Hatukula," alisema. Halafu akatabasamu. "Kidogo."

"Kidogo cha nini?"

"Wewe bibie unauliza kama polisi," akasema, akarudi kwa bata wake.

*

Watu waliomtoa Godfrey nje walikuwa wawili tu. Asubuhi alikuwapo Noreen, mwanamke wa mji huo huo, aliyekuja kumwogesha, kumvalisha na kumtembeza kando ya mto. Alhamisi mchana alikuja Crispin Vale, mwanafunzi wa zamani wa Godfrey ambaye sasa alikuwa mwalimu katika idara ile ile. Crispin alikisoma kitabu cha Godfrey akiwa kijana wa mwaka wa kwanza, akaacha nyama wiki hiyo hiyo, na hakuirudia. Alikuwa akipika dengu vizuri kuliko Beryl mwenyewe. Kwa hiyo Beryl hakupoteza hata dakika moja kumfikiria Crispin. Noreen alikula hemu, nyama ya paja la nguruwe, kila siku, tena bila kuficha.

Asubuhi iliyofuata alimngojea jikoni, amesimama, mikono kwenye sinki.

"Noreen, chakula chako cha mchana leo ni nini?"

"Mkate na hemu, Bi Beryl." Noreen alikuwa anavua koti la mvua. "Naulia kwenye gari kama ulivyosema. Jana mvua ilinyesha mpaka vioo vikaingia ukungu, watu wanapita wanadhani nina bwana mle ndani."

Beryl hakucheka. "Umekuwa ukimpa Godfrey?"

"Kumpa nini?"

"Unajua ninachouliza."

Noreen aliweka koti lake juu ya kiti polepole. "Sijawahi kumpa Profesa hata kipande. Akiniomba biskuti ya tangawizi nampa, hiyo nakiri."

"Naomba nione mkoba wako."

 Bomba lilikuwa linadondosha tone moja moja, na Beryl alitaka kulikaza lakini hakuweza kugeuka, maana akigeuka angekosa kumwangalia yule mwanamke. Noreen aliuinua mkoba wake, akaufungua juu ya meza, akatoa kimoja kimoja: mwavuli mdogo wenye ubavu uliovunjika, ndala za kuvalia bafuni, nusu pakiti ya biskuti, picha ya mjukuu akiwa amepakwa keki usoni, na mwisho mkate wake uliofungwa kwenye karatasi. Wakati huo huo Godfrey akaingia na soksi moja, akanusa hewa, akaunyooshea mkono ule mkate moja kwa moja.

"Hiyo ni yangu?" akauliza kwa furaha.

"Unaona!" Beryl alisema. "Anaijua!"

"Bi Beryl, hata mtoto wa miezi sita anajua harufu ya chakula." Sauti ya Noreen ilikuwa ya chini. Aliurudisha mkate mkobani, akarudisha na picha. "Nimemwogesha mumeo tangu alipokuwa bado anajua jina langu. Namkata kucha za miguu. Akijisaidia kitandani namwimbia mpaka aibu imtoke. Leo unanipekua kama nimetoka dukani na kitu kwenye sidiria."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Umefungulisha mkoba." Akavaa koti lake la mvua, lililokuwa bado linachuruzika. Mlangoni akageuka. "Mwambie nimekwenda kununua maziwa. Nikiondoka bila sababu, hukaa dirishani akingoja."

Beryl alimwambia Godfrey kwamba Noreen amekwenda kununua maziwa. Akakubali. Akavuta kiti mpaka dirishani, akakaa.

*

Alhamisi iliyofuata harufu ilikuwa pale pale kwenye koti, nzito zaidi.

Beryl alikaa kwenye ngazi ya chini huku amelikumbatia lile koti. Siku zote hizo alikuwa akimwogesha mwenyewe, akimlisha mwenyewe, hakumruhusu hata jirani kumpa pipi. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kumwinua kutoka kwenye beseni. Crispin alipokuja mchana ule aliuliza Noreen yuko wapi, Beryl akamweleza yote, mkoba na hemu. Crispin alitikisa kichwa akasema, "Pole sana, Beryl. Wasaidizi ni shida kuwapata." Sasa alipokumbuka maneno hayo, pale kwenye ngazi, aliyageuza huku na huku. Hayakuwa ya uongo. Hayakuwa ya kitu chochote.

Crispin aliwahi kuandika makala nzima kuhusu tofauti ya kumdanganya mtu na kumwacha ajidanganye. Beryl aliisoma, Godfrey akiwa bado mzima, na wote wawili waliisifu mezani hapo.

Juma lililofuata aliwaacha watoke, akahesabu pumzi zake, kisha akajifunga skafu na kuwafuata. Mwanamke wa umri wake, mwalimu mstaafu wa jiografia, akijibanza nyuma ya baiskeli zilizofungwa kwenye uzio wa soko, mwavuli ameushika mbele ya uso. Alijiona kichekesho, na hakurudi nyuma. Wale wawili hawakwenda maktaba, wala hawakwenda kunywa chai bustanini mwa chuo. Waliingia mkahawa wa madereva ulio pembeni mwa soko, ule wenye vioo vilivyojaa mvuke.

Godfrey alikaa karibu na dirisha. Alikuwa ameshika kwa mikono miwili mkate mweupe uliokunjwa, vipande vya bekoni, nyama ya nguruwe ya kukaanga, vikining'inia pembeni, na sosi ikimtiririka kwenye kidole gumba. Alikula amefumba macho. Crispin hakula, alikuwa na kikombe tu mbele yake, na alikuwa anamwangalia. Kisha Godfrey akafumbua macho, akasema jambo, akacheka, mabega yote yakatikisika, kile kicheko cha zamani ambacho Beryl alikuwa ameshakizika moyoni bila kumwambia mtu.

Angeweza kuingia. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Alibaki nyuma ya baiskeli. Crispin alipochukua kitambaa cha karatasi akamfuta Godfrey mdomo, kwa uangalifu, pembe hii na pembe ile, Beryl aligeuka akaenda zake nyumbani upesi ili awe amefika kabla yao.

"Alikuwa vizuri sana leo," Crispin alisema mlangoni, huku akimsaidia Godfrey kuvua koti.

"Mmekula?"

"Tumekaa mkahawani kidogo. Chai, na vitu vya mkahawani."

"Vitu gani?"

"Unajua mikahawa, Beryl." Akambusu shavuni. "Jumamosi mtakuja idarani, sivyo? Mimi ndiye nitakayezungumza wa kwanza. Ni kwa heshima yake."

"Utazungumza nini?"

"Ah, usiniharibie. Utasikia."

Beryl alimtazama akishuka ngazi za nje, viatu vyake vikilia kwa maji. Kwa nini amlishe mtu kwa siri halafu amfanyie sherehe? Aliifikiria sherehe yenyewe. Aliwafikiria watu watakaokaa safu za mbele. Usiku alipika viazi, na alipomwekea Godfrey sahani alimtazama mdomoni kila tonge, kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

*

Jumamosi idara ilijaa. Walikuja kutoka vyuo vingine, kutoka ng'ambo hata, wengi wao watu waliokuwa wamekula dengu kwenye meza ya Beryl. Walimshika Godfrey mkono, wakainua sauti kana kwamba ni kiziwi, naye akamwambia kila mmoja, "Umekua!" Profesa mmoja mwenye mvi aliyeambiwa hivyo alishukuru.

Beryl alikaa naye safu ya kwanza. Crispin akapanda jukwaani, akanywa maji, akaanza.

"Tuseme yupo mtu, tumwite A," alisema. "Akiwa na akili timamu, A aliamini kula nyama ni kosa. Akamwapisha mkewe, tumwite B, kwamba asije akampa nyama hata akiiomba. Sasa A amesahau. Hajui kama aliwahi kuamini lolote. Amebakiwa na furaha chache mno, na kubwa kuliko zote ni hii: kula bekoni. B anamnyima. Swali langu ni dogo. B anapomnyima, anamtendea haki nani? A wa jana amekwenda, hawezi kuumia tena. A wa leo yupo, na analia. Tunamwonea aliyepo ili tumridhishe asiyekuwapo."

Aliendelea kwa muda mrefu, kwa upole, kwa mpangilio mzuri. Beryl hakusikia yote. Alisikia B. B alikuwa mkaidi katika sehemu ya pili, akawa mwenye nia njema katika sehemu ya tatu, na karibu na mwisho akaambiwa kwamba huenda anachokilinda si A, bali picha yake mwenyewe ya mke mwema. Watu wa safu za nyuma walimwangalia kisogoni, alihisi. Walio pembeni walimwangalia mara moja kisha wakaangalia dari. Godfrey alikuwa anazungusha kifungo cha koti na kutikisa kichwa kila mara pale alipostahili kutikisa, kwa mazoea ya mwili.

Maswali yakaja. Pale wana desturi yao: ukitaka kuuliza jambo jipya unainua mkono mzima; ukitaka kufuatilia jambo ambalo mwenzako ameshalianza, unainua kidole kimoja, na mwenye kidole humtangulia mwenye mkono.

Mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe aliinua mkono. "Unasema A haamini tena. Mimi naona hajabadili mawazo, amezipoteza sababu zake tu. Nikipoteza ufunguo wangu leo, Crispin, nyumba yangu haijawa yako."

Wakacheka. Crispin akajibu kwamba nyumba haina njaa. Wakacheka tena.

Kisha msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwenye sweta lililochakaa viwiko, akauliza, "Na nguruwe?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

"Sitanii," msichana akasema, uso umemwiva. "Sababu za A hazikuwa juu ya A. Hakusema 'nitachafuka.' Alisema nguruwe anaumia. Sasa A amesahau, sawa, lakini nguruwe hajasahau kitu. Mbona tunabishana kama vile ni suala la nyumba ya watu wawili?"

"Vizuri," Crispin alisema. "Basi tuseme nyama imeshanunuliwa na mtu mwingine, na isipoliwa itatupwa. Nguruwe tumtoe kwenye mfano, tubaki na swali letu."

Hapo ndipo Beryl alipoinua kidole.

Mwenyekiti wa kikao alikiona, akasitasita, akaangalia mikono mingine iliyokuwa hewani. Lakini kidole ni kidole. "Beryl," akasema.

"Nafuatilia hapo hapo," Beryl alisema. Hakusimama. "Umemtoa nguruwe. Nataka kujua umemtoa nani mwingine. Yupo A, yupo B. Hiyo bekoni imefikaje mezani? B hainunui. A hajui kufunga kamba za viatu vyake, na pochi yake iko kwenye droo yangu. Basi yupo mtu anayemshika mkono, anampeleka, analipa, anakaa akimtazama anavyokula, na anamfuta mdomo vizuri kabla ya kumrudisha kwa mkewe. Huyo ni herufi gani?"

 Shingo ya Crispin ilianza kuwa nyekundu kutoka chini kwenda juu.

"Hilo ni swali zuri," alisema.

"Sikuomba alama, Crispin."

Mwenyekiti akashika karatasi zake. "Labda hili tulizungumze baada ya kahawa."

Hapo hapo Godfrey akapiga goti lake kwa kiganja, kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya zamani mtu aliposema jambo lenye uzito. "Hoja nzuri!" alisema. Akamwinamia mtu wa upande wa pili akamuuliza, kwa mnong'ono uliosikika mpaka mlangoni, "Bibi huyu ni nani? Mwajirini."

*

Crispin alimkuta kwenye chumba cha makoti, akihangaika na kifungo cha Godfrey.

"Mara ya kwanza haikuwa nia yangu," alisema. "Tulipita pale, akasimama mlangoni akakataa kuondoka. Nilimvuta. Akaanza kulia, Beryl, barabarani, watu wanatazama. Nikaingia naye. Uso wake..."

"Nimeuona uso wake."

"Ulikuwepo?"

"Nje. Nyuma ya baiskeli."

"Mbona hukuingia?"

Beryl aliendelea na kifungo.  "Nilikwambia Noreen ameondoka," alisema. "Nilikwambia kwa nini. Ukanipa pole."

"Nilitaka kusema."

"Lakini ukapata sentensi ambayo si ya uongo."

Crispin alionekana ghafla kijana sana, yule wa mwaka wa kwanza aliyekuja mlangoni akitetemeka kuuliza kama ni kweli Profesa hali hata mchuzi wa mifupa. "Ningekwambia, ungesema hapana."

"Ndiyo. Ningesema hapana."

"Hukai ukajiuliza kwa nini? Mimi sikumgeuza mfano, kama unavyodhani. Sikuandika kwanza nikampa. Nilimpa kwanza, nikakosa usingizi, ndipo nikaandika. Na ninayaamini, Beryl. Kila neno nililosema pale mbele, naliamini."

"Najua," alisema Beryl. "Ndilo linalonitisha." Akamshika Godfrey kiwiko. "Alhamisi usije."

*

Noreen alikuwa akiishi ng'ambo ya reli. Alifungua mlango lakini mnyororo akauacha mahali pake, wakazungumza kupitia ule upenyo.

"Nimekuja kuomba radhi," Beryl alisema. "Hukuwa wewe. Alikuwa Crispin."

"Yule wa viatu vinavyolia?" Noreen hakushangaa sana. "Na yeye ulimfungulisha mkoba?"

Beryl alitazama chini, kwenye zulia la mlangoni. "Hapana."

"Eheh."

"Rudi, Noreen. Tafadhali. Utakulia jikoni. Ule chochote."

"Nimeshapata mzee mwingine, kule karibu na kanisa. Ananitukana kutwa, ananiita majina ya wanyama wote. Ila mkoba wangu haumhusu." Akaushika mnyororo. "Profesa anakula?"

"Anakula. Bado hukaa dirishani asubuhi. Anangoja maziwa."

Noreen alifumba macho. Kisha akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza, na Beryl akasikia kwamba hakuondoka upesi nyuma ya mlango.

Alirudi kwa miguu. Njiani swali la Crispin lilimfuata kama mtu anayedai deni. Mbona hukuingia? Kwenye meza yao, kila Godfrey alipoomba kitu kisichowezekana, Beryl alimjibu, "Sisi hatuli nyama, mpenzi." Mambo mengine yote yalikuwa yamekwenda: majina, vitabu, kitanda kimoja, siku ya ndoa. Lile "sisi" lilikuwa ndilo limebaki, na alilisema mara tatu kwa siku, kwa moyo kabisa, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyohakikisha mwenyewe kwamba imefungwa. Alianza kujishuku. Alijishuku mpaka akafika nyumbani, na alipofika hakuwa na uhakika kama aliilinda ahadi kwa ajili ya Godfrey, au kwa ajili ya nguruwe, au kwa sababu ilikuwa ndiyo sauti ya mwisho ya mumewe anayoweza kuisikia, ingawa kwa mdomo wake yeye mwenyewe.

*

Alhamisi alimvalisha koti, akambadilishia leso, wakatoka wote wawili.

Kulikuwa na manyunyu. Walipofika pembe ya soko Godfrey alisimama, na Beryl akahisi mkono wake ukivuta kuelekea kile kioo cha mvuke. Angeweza kumwondoa. Godfrey angelia kidogo, na wakifika kwenye duka la viatu angekuwa ameshasahau alichokuwa akililia. Beryl alisimama naye kwenye mvua. Yule msichana wa sweta alikuwa amesema kweli, nguruwe alikuwa bado ni nguruwe. Beryl akasukuma mlango hivyo hivyo.

"Profesa!" mwenye mkahawa akaita kutoka nyuma ya kaunta. "Ya kawaida?"

Beryl alihisi masikio yakimchoma. Ya kawaida. "Ndiyo," alisema. "Ya kawaida. Na mimi maharage juu ya mkate, tafadhali."

Walikaa meza ile ile ya dirishani. Mkate ulipoletwa Godfrey aliushika kwa mikono miwili, akafumba macho, akala. Beryl alikuwa anamwangalia kama Crispin alivyomwangalia, akagundua kwamba haiwezekani kumwangalia vingine. Harufu ilikuwa imejaa. Ilikuwa harufu ya jiko la mama yake, Jumapili, kabla hajamjua mwanamume yeyote.

Godfrey alifika nusu, akatua. Akaitazama sahani ya maharage, akamtazama mwenye sahani, akaisukuma nusu yake katikati ya meza.

"Kula, bibie."

"Asante. Mimi sili nyama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nilimwahidi mume wangu."

Alilitafuna jambo hilo pamoja na kilichokuwa mdomoni. "Mkali?"

"Si mkali," Beryl alisema. "Ana hoja."

"Lo," alisema Godfrey kwa huruma ya kweli, akamgusa mkono kwa kidole chenye sosi. "Pole."

Beryl alicheka, na kicheko kikamtoka kikiwa na maji. Alijifuta kwa ile leso safi.

"Yuko hapa?" Godfrey akauliza.

Beryl alitazama dirishani. Nje watu walikuwa wanafungua miavuli. "Hapana," alisema mwishowe. "Leo hayupo."

Godfrey akainama mbele mpaka vipaji vya nyuso zao vikakaribiana, akashusha sauti.

"Basi tusimwambie."

Akaisukuma sahani kidogo zaidi upande wa Beryl. Halafu akageuza shingo, polepole, akautazama mlango ili awe na hakika; na Beryl, mkono tayari umeshagusa mkate, akajikuta naye anautazama.